Meneja wa Bidhaa Anasimamia Nini Hasa?

Maswali ya Wasomaji: Kazi na Ajira

Barua tatu kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi zimegusa jambo moja mwezi huu, nami nimeona nizijibu pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine mbili zinaiegemea.

SWALI: Shikamoo, mama. Mimi ni binti wa miaka 24, nimezaliwa na kukulia Chikongola, Mtwara Mjini. Nina stashahada ya biashara, na kwa misimu miwili ya korosho nimefanya ukarani wa muda katika chama cha msingi cha ushirika wa wakulima huko Tandahimba. Hivi karibuni nimeona tangazo la nafasi ya meneja wa bidhaa katika kampuni ya huduma za kifedha kwa simu, jijini Dar es Salaam. Nimelisoma mara tatu na bado halijanikaa. Linasema mtu huyo ataongoza wahandisi wa programu, wabunifu na watu wa masoko, kisha linasema hatakuwa bosi wa yeyote kati yao. Kaka yangu anasema hiyo ni kazi ya stoo, kuhesabu mali. Naomba unieleze mtu huyu anafanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni, na kama mimi nisiyejua kuandika programu ninaweza kuiomba. (Binti wa Chikongola)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako amechanganya vyeo viwili, na hayuko peke yake, kwa sababu neno bidhaa kwetu limezoeleka kwa mali iliyopangwa rafuni. Anayepokea mali, kuihifadhi na kuitoa kwa hati ni mtunza stoo. Meneja wa bidhaa ni yule anayebeba jukumu la kuamua bidhaa iwe kitu gani, imwondolee nani adha ipi, ianze na kipi, na kipi kiachwe hata kama wapo wanaokitaka sana. Bidhaa yenyewe inaweza kuwa sabuni, akaunti ya benki, bima, au menyu unayoifungua kwenye simu unapotuma pesa. Mhandisi anajua namna ya kuijenga, mbunifu anajua namna ya kuifanya ieleweke kwa anayeitumia, na mtu wa masoko anajua namna ya kuitangaza. Lakini lazima awepo mmoja anayeulizwa kama ilistahili kujengwa, na ambaye, ikishindwa kumfaa mtu, hawezi kusema kuwa hilo halikuwa fungu lake.

Kazi hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Tarehe 13 Mei 1931, Neil McElroy, kijana aliyekuwa akishughulikia matangazo ya sabuni ya Camay katika kampuni ya Procter & Gamble mjini Cincinnati, Marekani, aliwaandikia wakubwa zake waraka wa kurasa tatu. Camay ilikuwa ikifunikwa na Ivory, sabuni nyingine ya kampuni hiyohiyo, na hapakuwa na mtu mmoja aliyeibeba tangu mwanzo hadi mwisho. McElroy alipendekeza kila sabuni iwe na watu wake, ambao wangechunguza mauzo eneo kwa eneo, wangekwenda wenyewe mahali ambapo haiuziki ili wajue sababu, wangepanga namna ya kurekebisha na wangewajibika kwa matokeo. Mtu huyo baadaye, mwaka 1957, akawa Waziri wa Ulinzi wa nchi yake. Kampuni za kompyuta ziliichukua fikra hiyo miongo kadhaa baadaye na kumwongezea mbeba bidhaa jukumu la kukaa na wahandisi wakati kitu kinajengwa, kwa sababu programu, tofauti na sabuni, hubadilishwa hata baada ya kuuzwa.

Nitakueleza kazi yenyewe kwa kisa kilichonipata, kwa kuwa kimetokea katika mazingira unayoyajua. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa meneja wa bidhaa katika kampuni moja iliyotuma ujumbe mfupi wa simu kwa wakulima wa korosho. Mkulima alipopeleka mzigo wake ghalani, ukauzwa mnadani na malipo yakaandaliwa, sisi tulimtumia taarifa. Malalamiko yalianza kutufikia, na kwa namna yalivyopita mdomo hadi mdomo, yalipofika ofisini kwetu yalikuwa yamegeuka kuwa maneno haya: wakulima wanataka programu ya simu janja yenye chati za bei za minada. Wakubwa waliipenda, na wahandisi walikuwa wameshaanza kuijenga.

Nilisafiri hadi Newala nikakaa siku tatu kwenye maghala ya vyama vya msingi. Siku ya pili, mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia karibu na mizani alinipa simu yake ya kitochi iliyofungwa mpira kuzuia betri isidondoke, akaniomba nimsomee ujumbe. Ulikuwa ujumbe wetu. Ulisema, "Malipo yako yamechakatwa." Mzee alikuwa ameupata siku tisa kabla. Tangu hapo alikuwa amepanda bodaboda mara mbili kwenda benki mjini, na mara zote mbili aliambiwa dirishani kuwa akaunti haina kitu. Kwetu sisi, kuchakatwa kulimaanisha kuwa orodha ya majina imekamilika na kupelekwa benki. Kwa mzee yule, na kwa mtu yeyote mwenye akili timamu, kulimaanisha pesa ipo, nenda kachukue. Katika takwimu zetu ujumbe ule ulihesabiwa kuwa mafanikio kwa sababu ulikuwa umefika kwenye simu yake.

Nilizungumza na wakulima 14 katika siku zile tatu. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na simu janja. Hakuna aliyezungumzia chati ya bei, kwa kuwa bei ya mnada huisikia siku ileile kutoka kwa viongozi wa chama na majirani. Walichotaka kujua ni kama pesa imeingia, ni kiasi gani baada ya makato, na kama inafaa kutoa nauli leo au kusubiri.

Nilirudi Dar es Salaam nikaomba kazi ya ile programu isimamishwe. Hapo ndipo utakapoona maana ya tangazo lako linaposema mtu huyo anaongoza bila kuwa bosi. Sikuwa na mamlaka ya kumwamuru mhandisi hata mmoja, na mkubwa wetu alikuwa ameshawaahidi watu chati zile. Nilichokuwa nacho ni daftari lenye maneno ya watu 14 na nauli walizopoteza, mzee kwa mzee, shilingi kwa shilingi. Niliwasomea wote mezani. Wahandisi ndio waliokuwa wa kwanza kukubali, kwa kuwa hakuna fundi anayefurahia kuona kazi ya mkono wake inamsumbua mtu.

Tulibadilisha ujumbe ukawa hivi: "Orodha ya malipo imepelekwa benki leo. Pesa bado haijaingia. Subiri ujumbe mwingine kabla ya kusafiri." Ujumbe mfupi mmoja unabeba herufi 160 tu, nasi tulihesabu kila moja. Maneno hayo tuliyaandika kwa saa moja. Ujumbe wa pili, ule wa kusema pesa imeingia, ulituchukua wiki saba, kwa sababu ulihitaji benki iturudishie taarifa ya nani amelipwa na kiasi gani, jambo ambalo halikuwamo kwenye makubaliano ya awali. Kwa hiyo nilikaa na mwanasheria, na watu wa benki, na mhandisi wetu aliyetaka kujua taarifa hizo zitakuja katika muundo gani na saa ngapi, na mhasibu aliyeuliza nani atalipia ujumbe wa ziada. Hayo yote ndiyo kazi. Ukimwona meneja wa bidhaa ofisini, asubuhi anasoma takwimu za jana, anahudhuria kikao kifupi cha timu, anapigia wateja simu, anaandika kurasa mbili za kueleza tatizo linalofuata, anagombea kitu kimoja kitangulie kingine, na jioni anajibu maswali ya watu wanaomsubiri aamue.

Sasa nije kwenye stadi zinazohitajika, na nitaanza na ile ninayoiona kuu. Ni kusikiliza, na ninasema hivyo nikijua kwamba kila tangazo la kazi huandika neno hilo bila kulifafanua. Watu wetu wa Kusini ni waungwana, ukimuuliza mkulima, "Je, ungependa huduma ya kukujulisha bei?" atasema ndiyo, kwa kuwa hataki kumvunja mgeni moyo. Jibu hilo halina thamani. Muulize juu ya kilichokwisha kutokea: mara ya mwisho ulipolipwa, ulijuaje? Ulikwenda lini, na nani, kwa nauli kiasi gani? Ulifanya nini ulipokuta hakuna kitu? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na anayelala juu yake hawezi kukueleza kunguni kwa ujumla. Atakuonyesha palipomuuma jana.

M-Pesa unayoitumia ilipata sura yake kwa njia hiyo. Majaribio yake yalianza Kenya mwezi Oktoba 2005, yakiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone pamoja na Safaricom, na lengo lilikuwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo warejeshe mikopo yao kwa simu. Walipochunguza watu walivyoitumia, waliona wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na wengine wanaweka pesa kabla ya safari na kuitoa wakifika. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, habari za mikopo ziliwekwa kando na msisitizo ukawa kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Jambo gumu hapo lilikuwa kuacha wazo ambalo mradi mzima ulijengwa juu yake kwa sababu watu wameonyesha kwa vitendo kwamba wanahitaji kitu kingine.

Stadi ya pili ni hesabu, na hapa stashahada yako itakusaidia. Huhitaji hesabu za juu. Unahitaji mazoea ya kuuliza watu wanaishia wapi. Chukua mfano wa kubuni. Watu 1,000 wanafungua menyu ya kujisajili, 900 wanaandika jina, 850 wanaandika tarehe ya kuzaliwa, na 300 tu ndio wanaovuka hatua ya kuandika namba ya kitambulisho cha taifa. Ofisini watu watasema elimu kwa umma haitoshi. Meneja wa bidhaa atachukua simu ya kitochi, aandike mwenyewe namba hiyo yenye tarakimu 20, na atagundua kuwa kabla hajaimaliza menyu imejikata kwa kuwa muda wake umekwisha. Jifunze kutumia vizuri jedwali la kompyuta, na baada ya hapo jifunze SQL, lugha ya kuulizia maswali kwenye hifadhidata. Kwa mtu mwenye bidii, misingi yake inaweza kueleweka kwa wiki chache.

Hutaandika programu. Lakini usiombe kazi hii kama huna hamu ya kujua mambo yanavyofanya kazi ndani. Unatakiwa uelewe ujumbe unapita wapi hadi kufika kwenye simu, taarifa zinahifadhiwa wapi, na kwa nini mhandisi anaposema jambo fulani ni la siku moja na jingine ni la miezi miwili anaweza kuwa sahihi, ingawa kwa macho yako yanafanana. Muulize bila haya. Fundi mzuri hupenda kueleza.

Kuandika kwa ufasaha ni stadi ambayo vijana wengi huipuuza, na inanisikitisha, kwa kuwa nimeona mawazo mazuri yakifa kwa sababu mwenye nayo alishindwa kuyaweka katika ukurasa mmoja unaoeleweka na mhandisi, mhasibu na mkurugenzi kwa pamoja. Barua yako kwangu imeandikwa vizuri. Ichukulie hiyo kuwa mtaji.

Ongeza ujuzi wa sheria zinazogusa bidhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu iliyo wazi na halali na zisitumike kwa jambo jingine. Siku moja mtu wa masoko atakuomba namba za simu za wakulima waliolipwa vizuri ili awauzie mikopo. Wewe ndiye utakayepaswa kusema hapana, tena mapema, kabla orodha haijatoka.

Je, unaweza kuiomba? Ndiyo. Misimu miwili umesimama pembeni ya mizani, umeona foleni, umeona risiti inayopotea, umesikia mkulima akibishana juu ya uzito na unyevu, na unajua kwa nini mtu mwenye shida ya ada ya shule huuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama, ilhali anajua anapunjwa. Watu wenye shahada mbili huko Dar es Salaam hawalijui hilo. Lakini usiende mikono mitupu. Chagua huduma moja unayoweza kuiona kwa macho, kwa mfano kivuko cha kwenda Msangamkuu, au ukataji wa tiketi za basi stendi. Kaa hapo asubuhi tatu. Zungumza na watu kumi kwa namna niliyokueleza. Andika kurasa mbili: tatizo ni lipi, linampata nani, ungebadilisha jambo gani moja, na ungejuaje kama mabadiliko yamesaidia. Ambatisha kurasa hizo kwenye maombi yako. Sikufichi, nafasi nyingi za kazi hii ziko Dar es Salaam, na huenda ukaanza na cheo cha chini, kama ofisa wa huduma kwa wateja au mchambuzi wa takwimu; dawati la huduma kwa wateja ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu malalamiko yote hupita hapo yakiwa bado hayajapotoshwa.

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama 11, Lindi Mjini. Tunabangua korosho, tunakaanga na kufungasha. Tuna aina nne: za chumvi, za pilipili, za asali na zisizotiwa kitu. Mjukuu wangu anayesoma chuo anasema biashara haikui kwa sababu hatuna meneja wa bidhaa. Je, kweli tuajiri mtu? Tutamlipa nini? (Bibi wa Lindi)

JIBU: Shikamoo, mama yangu. Mjukuu wako ameona kitu, ila msiajiri mtu. Mchagueni mmoja wenu, yule ambaye huuliza maswali hata wengine wamechoka, apewe jukumu la bidhaa, na katika mambo ya bidhaa neno lake lisikilizwe.

Kazi yake ya kwanza iwe kujua nani ananunua na anazitumia wapi. Abiria wa basi la Dar es Salaam anayenunua dirishani anataka pakiti ndogo inayofunguka kwa mkono na bei isiyodai chenji. Mwenye hoteli anataka korosho nzima, nyeupe, zinazolingana. Mwoka keki anataka vipande, na hatajali kama vimevunjika. Hao ni watu watatu, na huenda mnawapa wote pakiti ileile. Wafanyabiashara wakubwa hupanga korosho nzima nyeupe kwa ukubwa: ile inayoitwa W240 ina punje zisizozidi 240 katika ratili moja (karibu nusu kilo), na W320 ina punje zisizozidi 320, kwa hiyo namba ikiwa ndogo punje ni kubwa na bei hupanda. Mkianza kuchambua kwa ukubwa na kutenga nzima na vipande, kazi ileile ya mikono yenu inaweza kuwaletea kipato zaidi bila kuongeza hata kilo moja.

Kazi ya pili, ambayo itawaletea maneno ndani ya kikundi, ni kupunguza aina. Kwa miezi miwili andikeni kila pakiti inayouzwa na kama mnunuzi amewahi kununua kabla. Aina ambayo watu huinunua mara moja na hawairudii, iacheni, hata kama ndiyo anayoipenda mwenyekiti. Kazi ya tatu ni mfuko. Mafuta ya korosho huchacha yakipigwa na hewa, na pakiti iliyofungwa kwa mshumaa huvuja. Mteja aliyekula korosho iliyochacha hatakuambia, atahama tu. Nendeni ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, muulize kuhusu mashine ya kufungia na utaratibu wa kupata nembo ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

SWALI: Nina cheti cha usimamizi wa miradi na ninaishi Ruangwa. Meneja mradi na meneja wa bidhaa si kitu kimoja? (Msomaji, Ruangwa)

JIBU: Hapana, ndugu yangu, ingawa katika ofisi ndogo mtu mmoja hubebeshwa vyote viwili. Mradi una mwisho. Bomba la gesi la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilijengwa, likazinduliwa mwaka 2015, na waliolijenga wakakabidhi kazi. Mkuu wa ujenzi wa namna hiyo hupimwa kwa muda, gharama na ubora wa kilichokabidhiwa. Lakini gesi inayofika jikoni kwa mama wa Mtwara Mjini ni bidhaa, na maswali yake hayaishi siku ya uzinduzi: analipaje, anajuaje imebaki kiasi gani, nani anakuja ikivuja usiku, na kwa nini jirani yake aliyeunganishwa bado anapika kwa mkaa? Meneja mradi anahakikisha kilichokubaliwa kinakamilika. Meneja wa bidhaa anaulizwa kama kilichokubaliwa ndicho kilichohitajika, na anaendelea kuulizwa mwaka hadi mwaka.

Cheti chako kitakufaa katika kupanga kazi na kuhesabu muda. Utakachopungukiwa ni mazoea ya kukaa na mtumiaji na kubadili mpango pale ushahidi unapokuelekeza kwingine, jambo ambalo baadhi ya mafunzo ya miradi huliona kuwa dosari. Unaposoma tangazo, tazama vitenzi vyake. Likitaja kukabidhi, kusimamia bajeti na kufuatilia wakandarasi, wanamtafuta meneja mradi hata kama juu wameandika meneja wa bidhaa. Wapigie simu uwaulize kabla ya kutuma maombi.